Bundi wa Mkuyu na Ungo wa Mama Mkwe

Nimewahi kuitwa mchawi mbele ya mkutano mzima wa kijiji, mchana kweupe, nikiwa nimevaa sare ya serikali. Mwingine jambo kama hilo angelificha uvunguni. Mimi hulisimulia kila ninapopata msikilizaji, kwa sababu siku ile nilifanya kazi yangu vizuri kuliko siku nyingine yoyote, na sitaki kujifanya mnyenyekevu. Unyenyekevu nimewaachia wenye nafasi nao.

Nilikuwa msaidizi wa misitu Babati, mwanzoni mwa miaka ya themanini. Manyara haikuwa mkoa bado. Tulihesabiwa Arusha, na Arusha ilikuwa mbali. Vita ilikuwa imekwisha, lakini ilikuwa imeondoka na kila kitu. Sabuni hakuna, tukafulia majani ya mpapai. Sukari ilikuwa hadithi. Mafuta ya taa yakisikika yamefika duka la ushirika, watu walipanga mawe na makopo kwenye foleni tangu alfajiri, kila jiwe na mwenyewe, na ole wako usogeze jiwe la mtu. Landrova ya ofisi yetu ilikaa juu ya magogo, matairi yake yamekwenda kusikojulikana, na kuku wa mlinzi alitagia kwenye kiti cha dereva. Mkuu wangu wa kazi alipoingia asubuhi alichungulia ndani ya gari, akachukua yai, akasema, "Angalau linazalisha."

Kwa hiyo nilitembea. Kutoka nyumbani kwetu Maisaka nilikata mashamba, nikapita pembeni mwa Singe, nikapanda mpaka mpakani mwa msitu wa Mlima Kwaraa, kuangalia nani amekata nini. Mimi ni mtoto wa mkulima wa milima ya Mbulu. Kupanda mlima kwangu si habari. Watu waliniita Bibi Misitu. Wazee waliozoea kumwona mwanamume kwenye sare ile waliniita Bwana Misitu hivyo hivyo, wakiwa wananitazama usoni, nami niliwapa shikamoo zangu, nikapokea marahaba zao bila kununa. Nilinuna baadaye, njiani, peke yangu.

Bundi niliwapata chuoni kabla ya kuwapata msituni. Tulikuwa na mwalimu mmoja mzee, mwanamume wa kaptula na soksi ndefu, aliyetuambia kwamba hakuna ndege mkweli kama bundi. Anammeza panya mzima, kisha mifupa na manyoya ambayo tumbo limeshindwa kusaga anayatema pamoja, donge gumu, kavu, lisilo na harufu ya kutisha. "Okota madonge yake," alisema, "utajua alichokula mwaka mzima bila kumsumbua." Wenzangu waliziba pua na kucheka. Mimi niliandika.

Na ule ushauri ndio ulionifaa. Watu wanaojua habari za bundi husema bundi huchunguzwa usiku, kwa tochi. Sawa, lakini betri? Miaka ile betri mbili mpya zilikuwa kitu cha kumpelekea bwana harusi. Nami nilikuwa mke wa mtu na mama, mume wangu dereva wa lori la mazao, wiki nzima yuko njiani akisaka dizeli. Nikiondoka usiku kwenda msituni ningemwambia nini mama yake? Nikaamua kwamba bundi wangu nitawasoma mchana, kwa walichokiacha chini. Umaskini ulinifundisha njia, na mpaka leo naona ilikuwa njia bora.

Siku nilipowapata, nilikuwa nafuata kijito kinachoshuka kutoka msituni, juu kidogo ya kijiji cha mwisho. Pale mpakani kabisa, hatua chache ndani ya hifadhi, ulisimama mkuyu mmoja mnene, matawi yake ya chini yameanza karibu na ardhi. Niliketi kula kiazi changu cha kuchemsha. Nikahisi nimekalia kitu. Kuangalia, donge la kijivu, refu kama kidole gumba na zaidi, na ndani yake fuvu dogo limechungulia na meno. Nikainua macho. Kwenye kivuli kizito cha juu kulikuwa na bundi mkubwa, mkubwa hasa, ananitazama kwa jicho moja. Akalifunga lile jicho polepole, na nikaona kope yake. Ilikuwa ya waridi. Waridi kabisa, amejipodoa, wakati sisi huku mjini hata mafuta ya kujipaka tulikuwa tunagawana kwa ncha ya kidole. Nilicheka mpaka kiazi kikanipalia.

Tangu siku ile, karibu miaka miwili, nilikwenda pale kila wiki. Hakuna aliyenituma. Niliokota madonge, nikayatia kwenye mkoba wa kitenge, nikaandika siku na hali ya hewa nyuma ya fomu za zamani za leseni za mbao, kwa sababu daftari halikuwepo. Penseli moja niliikata vipande vitatu ili nikipoteza kimoja nisilie. Nikajifunza mambo. Mahindi yakikauka shambani, madonge yanajaa panya watupu. Mvua kubwa zikianza, wanaongezeka vyura. Mara nyingine chini ya mkuyu nilikuta ngozi ya kalunguyeye imevuliwa safi, miiba yote ipo, mwenyewe hayupo, mithili ya soksi ya mtoto. Nilijua dume ni yupi na jike ni yupi. Nilijua wamechukua kiota kikuukuu cha tai kule juu, na mwaka wa pili nilijua wana kinda, kwa sababu nilimsikia akipiga filimbi ya njaa saa sita mchana, bila aibu. Kuna watu walikuwa na nyumba za bati na baiskeli. Mimi nilikuwa na bundi.

Sasa nifike kwenye ungo.

Madonge lazima yakauke kabla ya kuyapasua, na yakaukie kwenye kitu kipana, chepesi, kinachopitisha hewa. Maboksi yalikuwa hayapatikani. Sinia letu lilikuwa moja. Lakini nyuma ya mlango wa jiko ulining'inia ungo wa mama mkwe wangu, tuliyekuwa tunaishi naye: ungo mzuri, umesukwa kwa mkono, aliokuja nao kutoka Mbulu. Nikauazima bila kuomba. Nikatandaza madonge yangu, nikaupandisha juu ya paa la jiko, juani, nikaenda kazini nikiwa nimeridhika na akili yangu.

Jioni nilimkuta amekaa kwenye kigoda, ungo uko mbele yake, rozari mkononi.

"Mkwe," akasema, "hiki ni nini?"

"Ni matapishi ya bundi, mama."

Akageukia mafiga, akayaambia mafiga, "Mwanangu ameniletea msomi."

Nilimweleza yote, mwalimu, panya, mifupa. Alisikiliza kwa heshima ile ambayo mtu humpa mgonjwa. Mwisho akasema kwamba ule ungo hautarudi tena kwenye unga wake, niuchukue moja kwa moja, na nisiupandishe juu ya paa watu wakaona. Hilo la pili sikulisikiliza. Jua lilikuwa juu ya paa, na mimi ni mkaidi.

Majirani waliona, bila shaka. Kwetu mtoto anayeanza kutambaa anajua wachawi husafiri kwa ungo, na ndege wao ni nani. Mimi, mwanamke niliyesoma, niliweka mifupa iliyotoka tumboni mwa bundi kwenye ungo, juu ya paa, wiki baada ya wiki, na sikuona tatizo. Akili nyingi huondoa maarifa. Wahenga walinilenga mimi. Mama mkwe hakuniambia kwamba kanisani wanawake wameanza kumwachia nafasi pana kwenye benchi. Nilikuja kujua baadaye sana, na niliona haya kama sijawahi kuona.

Kisha ikaja barua. Mwenyekiti wa kile kijiji cha chini ya mkuyu aliileta ofisini mwenyewe, kwa miguu, akiwa amevua kofia. Kijiji kilikuwa kimezika watoto watatu msimu mmoja, mwaka ambao surua ilipita wilaya nzima. Barua ilisema bundi wanalia kila jioni juu ya kijito, sauti yao ni ya mkoromo, na wakikoroma tu, kesho yake kuna msiba. Wananchi wanaomba kibali cha kuukata mkuyu ule, na ndege wale wauawe. Mkuu wangu aliisoma mara mbili. Alikuwa mtu mwema, lakini kila karatasi yenye muhuri ilimtia jasho.

"Ni mti mmoja tu," akaniambia mwenyekiti alipotoka. "Nikikataa watasema serikali inafuga uchuro."

"Uko ndani ya hifadhi."

"Hatua chache."

"Hatua chache ndani ni ndani, mzee. Na kuna kinda juu."

Alijua habari za bundi wangu. Alidhani ni maradhi yatakayopona nikizaa tena. Akasema Alhamisi kuna mkutano wa kijiji, niende nikawasikilize. Wakibaki na neno lao, Ijumaa anasaini. Kinda alikuwa bado na manyoya ya sufi, hawezi kuruka hata kutoka tawi hadi tawi. Mti ukianguka, ataanguka nao.

Nilijiandaa siku tatu. Madonge yote niliyokuwa nimeyatunza ya msimu ule niliyapasua, nikayachanganya kwenye ungo: mafuvu, taya, mbavu, manyoya. Niliwaza hivi: watu wa shamba wanaamini wanachokiona. Wakiona panya wote wale, watajua bundi ni mlinzi wao. Panya mwaka ule walikuwa balaa, dawa ya panya haikuonekana dukani, na watu walikuwa wanalala na mahindi chumbani wakiyalinda kwa fimbo. Hoja yangu ilikuwa imenyooka. Kilichokuwa kimepinda ni chombo. Siku ya Alhamisi nilivaa sare, nikaufunika ungo kwa kaniki ya mama mkwe ili upepo usipeperushe manyoya, nikajitwika kichwani, na nikapita nao katikati ya kijiji chenye msiba.

Watu walikuwa wamekaa mbele ya ofisi ya kijiji, wanaume kwenye mabenchi, wanawake chini. Nikaamkia. Wakaitika kwa sauti ndogo, macho yote kwenye ungo. Mwenyekiti akanikaribisha. Nikautua mezani, nikafungua kaniki.

Mzee wa mbele alirudi nyuma na benchi lake na wote waliokaa juu yake. Mwanamke mmoja alimfunika mtoto uso. Na kutoka nyuma sauti ya mwanamume ikasema wazi, kila mtu akasikia, "Mchawi mwenyewe ni huyu. Kaja na ungo wake."

Watu wakasimama. Wengine walikuwa wanaondoka, wengine walikuwa wanakuja, na wale wanaokuja sikupenda walivyokuja. Mwenyekiti alinyanyua mikono, hakuna aliyemtazama. Nilipaswa kuogopa. Badala yake nilishikwa na hasira ambayo sijui niliitoa wapi, nikapaza sauti ninayoitumia kwa wezi wa magogo: "Kaeni chini! Kama ningekuwa mchawi ningekuja kwa miguu kutoka Maisaka?"

Mtu mmoja alicheka. Mmoja tu, na akajuta papo hapo. Wengine hawakukaa.

Ndipo nikamwona mama mkwe. Dada yake mdogo alikuwa ameolewa kijiji kile, nami nilidhani asubuhi ile amekwenda Bagara kutazama mgonjwa. Alikuwa anapenya katikati ya watu kwa viwiko, mwanamke mdogo mwembamba, kitambaa cha kanisani kichwani. Hakuniangalia. Alikwenda moja kwa moja mezani.

"Ungo huu ni wangu," akasema. Kiswahili chake kilikuwa cha kwetu Mbulu, kizito, kila neno limepigwa nyundo. "Nimesuka mimi. Mkono wangu. Nimepepeta humu mtama wa watoto saba. Nani amesema ni wa kichawi? Asimame hapa."

Waliokuwa wamesimama ghafla walionekana kutafuta mahali pa kukaa.

Akauchukua ungo, akaketi chini mbele ya wanawake, akanyoosha miguu, akauweka mapajani. Na akaanza kupepeta. Sikumwomba, wala nisingethubutu. Alipepeta mifupa ile namna ileile anayopepeta ulezi: anarusha, anapokea, anatikisa, anapuliza. Manyoya yakaondoka na upepo. Vijifupa vyepesi vikajitenga upande. Mafuvu, kwa kuwa ni mazito, yakaja yenyewe yakajikusanya kwenye ukingo. Kila mwanamke pale alikuwa ameifanya kazi hiyo maisha yake yote, na nikaona, nikiwa nimesimama palepale, jinsi woga ulivyokuwa unawatoka mabegani. Ni vigumu kumwogopa mtu anayepepeta.

Alipomaliza akaokota fuvu moja, kubwa kidogo, lenye meno marefu ya njano yaliyotokeza mbele, akalinyanyua.

"Huyu mnamjua?"

Mwanamke wa mstari wa kwanza alisogea, akaangalia, akasogea tena. "Si fuko huyo? Meno ya fuko hayo. Hao ndio wamenimalizia viazi."

"Na hawa wengine?"

"Panya," wakasema watatu kwa pamoja, na mmoja akaongeza tusi dogo ambalo panya alistahili.

Hapo nilizungumza. Sikuzungumza kwa muda mrefu. Kazi ilikuwa imeshafanywa na mikono mingine. Nikasema wote hawa wameliwa na ndege wale wa mkuyuni, msimu huu mmoja. Kila fuvu hapa lingekuwa ghalani kwenu. Dawa ya panya hamna, paka wenu mnawajua, na bundi huyu halipwi. Wanaume wakasogea kuangalia. Mzee wa benchi alichukua fuvu, akaligeuza, akauliza kama bundi anaweza kufundishwa kuja hadi ghalani kwake upande wa pili wa kijito. Nilijisikia mrefu. Nilidhani nimeshinda.

Kisha akasimama mama mmoja kijana aliyekuwa amekaa peke yake karibu na ukuta. Nilikuwa sijamwona. Watu walimpisha kwa namna watu wanavyompisha mfiwa, na nikaelewa.

"Panya nimewaona, Bibi Misitu," akasema. Hakupaza sauti. "Lakini mwanangu alikufa bundi analia. Alianza kulia jioni, mwanangu akakata roho alfajiri. Niambie hiyo."

Hakuna donge la kujibu swali hilo. Ningeweza kusema pole nikanyamaza; mtu mwenye busara angefanya hivyo. Lakini nilimtazama yule mama, na nilikuwa nimechoka kusikia ndege anabebeshwa mzigo ambao si wake, nikasema kile ambacho mfanyakazi wa serikali hatakiwi kukisema mbele ya mwenyekiti na mbele ya watu.

"Mama, bundi wale wanalia kila jioni. Walilia jioni ambayo mwanao alizaliwa. Mwanao alikuwa na surua. Ulimpeleka zahanati?"

"Nilimpeleka."

"Walikupa dawa?"

Mwenyekiti alikuwa anaangalia vidole vyake vya miguu.

"Hawakuwa na dawa," nikasema mimi. "Hawana dawa, sote tunajua, hata mjini hawana, na tunaogopa kusema. Kwa hiyo tunasema ni bundi."

Miaka ile maneno kama hayo yaliweza kukupotezea kazi, na mwenye kukupotezea angeweza kuwa mtu yeyote aliyekaa pale. Yule mama akajifunika uso kwa kanga, na ndani ya kanga akasema, "Hata mimi najua." Akaketi akalia, na wanawake waliokuwa wamemwachia nafasi wakasogea wakamzunguka. Mama mkwe wangu aliweka ungo chini, akaenda kuungana nao.

Mwenyekiti akasimama. Akasema kijiji kinaondoa ombi lake. Alitoa mfukoni nakala ya barua, nami nikadhani ataichana. Akaikunja akairudisha, kwa sababu upande wa pili ulikuwa bado mweupe, na karatasi ilikuwa karatasi.

Tulirudi pamoja, mimi na mama mkwe, jua likiwa bado juu. Nilijaribu kumshukuru mara mbili. Mara ya kwanza akajifanya anatoa mwiba kiatuni. Mara ya pili akasema, "Sikuja kwa ajili ya ndege wako. Nilikuja kwa ajili ya jina langu." Hatua kadhaa baadaye akaongeza, akiwa bado anatazama mbele, kwamba nilisema vizuri, ila nina domo. Sijapewa sifa iliyonifurahisha kuliko hiyo.

Domo langu lilinitangulia kufika mjini. Mkuu wangu aliitwa mahali, akarudi jasho limelowesha kola, na mimi nikapewa barua ya onyo kwa kutoa kauli za kuwavunja moyo wananchi. Barua hiyo ninayo. Wengine huweka vyeti ukutani. Mimi nimeweka onyo. Kibali hakusaini, hilo nampa heshima yake, na ripoti yangu ya bundi aliituma Arusha, kurasa zote, ikiwa na jina lake juu. Nilipomuuliza alisema juu ndipo wakubwa hukaa. Nilikasirika wiki nzima, kisha nikaenda mkuyuni nikaanza kuandika nyingine.

Kama mwezi mmoja na nusu ulipita. Siku moja, kabla ya saa nne asubuhi, nikaitwa nje ya ofisi kwamba kuna mgeni. Alikuwa yule mama aliyefiwa. Alikuwa ametembea kutoka kule mlimani, miguu imejaa vumbi, na hakukubali kukaa.

"Kinda la bundi limeanguka," akasema. "Mbwa walikuwa wamelizunguka. Nimelifunika kwa tenga, nikaweka jiwe juu. Mwenzangu analinda. Twende."

Njiani tulitembea kwa kasi. Chini ya mkuyu tulimkuta jirani yake amekaa na fimbo, mbwa wawili wamelala kwa mbali wakijifanya hawana haja. Nikanyanyua tenga. Kinda lilikuwa kubwa kuliko kuku, manyoya ya mabawa yameanza kutoka, limevimba kwa hasira, linagonga mdomo kwa sauti ya mtu anayevunja vijiti. Bawa moja na la pili, yote mazima. Lilikuwa limejaribu kuruka kabla ya siku yake, basi. Lakini chini pale lisingefika jioni.

Mti nilijua nitaupanda. Wanawake hawapandi miti, hilo niliambiwa tangu utotoni, na tangu utotoni nilipanda. Tatizo lilikuwa mikono: nahitaji miwili ya kushika matawi. Nilikuwa nawaza kamba, mkoba, nini, nikamwona yule mama anafungua kanga yake ya juu. Kanga miaka ile haikununuliwa. Ilitunzwa, ilitiwa viraka, mtu alikuwa na moja. Akalifunga lile kinda miguu kwanza, kwa ustadi, makucha yamezungushiwa pindo, akalifunika macho likatulia.

"Inama," akaniambia.

Nikainama. Akaniwekea mgongoni, akapitisha kanga juu ya bega moja na chini ya kwapa la pili, akavuta, akatikisa kidogo ili likae sawa, akafunga fundo kifuani pangu. Mikono yake haikubahatisha hata mara moja. Ndiyo kanga aliyombebea mwanawe. Nilijua, na aliona kwamba nimejua.

Nikavua viatu, nikapanda. Makucha yalipenya kitambaa yakanichoma mgongo, na kule juu bundi mkubwa alianza kugonga mdomo na kuinuka juu ya tawi, nami nikamwambia namleta wako, tulia. Chini yule mama alikuwa ananielekeza kwa sauti ya juu kabisa, mguu wa kulia pale, si hapo, pale, shika lile nene, polepole, asianguke tena. Nilifika kwenye panda pana chini ya kiota. Nikalegeza fundo, nikamgeuza, nikamweka. Alisimama. Akayumba, akashika tawi kwa miguu yote miwili, akanitazama kwa chuki safi na kope zake changa za waridi.

Kanga nikaiweka shingoni ili nianze kushuka. Kabla sijashusha mguu, nikasikia vigelegele kule chini. Alikuwa anapiga peke yake, uso ameuinua juu, na hakuacha mpaka nikakanyaga ardhi.